Karani na Kufuli Jipya

Karani hakuwa mtu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu wageni waliofika kwenye ofisi ile ya maji na kusikia "Karani kazimia" walikuwa wakikurupuka kutafuta kitu cha kumpepea. Karani ilikuwa programu ndani ya seva, na kazi yake ilikuwa kuandika. Pampu ikiwaka, anaandika. Presha ikishuka kwenye bomba, anaandika. Mtu akigusisha kadi mlangoni, anaandika ni nani na anaingia wapi. Hakuomba likizo wala hakununa, na kwa hilo aliwashinda wafanyakazi wengi wa pale.

Aliyemtunza alikuwa mwanamke mmoja ambaye ofisini walimwita Fundi. Nyumbani mama yake alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na jina likaendelea kumganda hata alipoanza kuota mvi. Asubuhi hiyo Fundi alikuja kwa kazi ndogo tu. Pampu mpya ilikuwa imefungwa upande wa kilimani, na Karani alitakiwa kujulishwa. Unaongeza mistari michache kwenye mipangilio yake, unamwambia aisome upya bila kumzima, unarudi nyumbani. Nusu saa, ukijumlisha na soga za mlinzi.

Hiyo nusu saa alikuwa ameipigia hesabu vizuri, kwa sababu nyumbani alikuwa amemfungia mama yake ndani.

Msimhukumu bado. Akili ya mama ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo, na akitoka nje hajui tena njia ya kurudi. Mara ya mwisho walimkuta kituo cha mafuta, amekaa juu ya tairi, anangoja mume aliyezikwa zamani. Dada anayemwangalia mchana alikuwa amepiga simu kwamba mwanawe ana homa, atachelewa. Basi Fundi akamwogesha mama, akampa chai na vidonge vyake, vile vya kuifanya damu iwe nyepesi, akamkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kisha akatoka, akafunga geti la chuma la mlango kwa kufuli, kwa nje. Kufuli lilikuwa jipya, maana ufunguo wa lile la zamani mama alikuwa ameshagundua unafichwa wapi. Funguo zake mbili zilikuwa bado kwenye kipete kimoja cha waya kama zilivyotoka dukani, na Fundi akazitia zote kwenye mkoba. Aliona aibu. Alitembea haraka mpaka barabarani ili asisikie kama mama anamwita.

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha, kina baridi ya kuuma masikio na kelele za feni zisizokoma. Mlango wake ulikuwa wa chuma, una kioo kidogo usawa wa macho. Fundi aligusisha kadi, Karani akamwandika, mlango ukafunguka, akaingia, ukajifunga nyuma yake. Akavaa koti alilolitundika humo kwa ajili ya baridi, akakaa mbele ya skrini, akaandika mistari yake ya pampu. Akamwagiza Karani asome upya mipangilio.

Karani akafa.

Hakufa kwa kelele. Alikuwepo, kisha hayupo. Na juu ya mlango, taa ndogo ya kijani ikageuka nyekundu, na kitasa kikalia ndani kwa ndani.

Hapa lazima nieleze kuhusu mlango, na nitaeleza kwa hasira kidogo, kwa sababu kanuni ile ilitungwa na Fundi mwenyewe. Mwaka uliopita kwenye kikao alisimama akasema kwamba mwizi mjanja ataanza kwa kumzima Karani, ili asiandikwe. Kwa hiyo Karani akizimika, mlango ujifunge kwa ndani na kwa nje. Na usifunguke kwa yeyote, isipokuwa kwa kadi ya Bosi, mpaka Karani awashwe, kisha asome mipangilio yake upya mbele ya mlango, bila kuanguka, kuonyesha kwamba ni mzima na hakuchezewa. Wakubwa wakampigia makofi. Bosi akasema huyu ndiye mtu anayefikiria mbali. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu mwema akiwa ndani.

"Haya," Fundi akajisemea, akamwasha Karani. Karani akawaka vizuri, akaanza kuandika. Akamwambia asome upya. Akafa tena.

Akawaza, ni mistari yangu. Akaifuta yote, akarudisha mipangilio ya jana neno kwa neno. Akamwasha, akawaka. Akamwambia asome upya, akafa. Akaipitisha mipangilio kwenye programu ya kukagua makosa, ikajibu kwamba hakuna kosa lolote. Akatazama kama nafasi ya kuhifadhia imejaa, ilikuwa tele. Akatafuta Karani mwenyewe ameandika nini kabla ya kuanguka, hapo akacheka kicheko kibaya. Karani anayeandika vifo vya mashine zote hawezi kuandika cha kwake. Anapokufa daftari limeshafungwa.

Kioo cha mlango kikagongwa. Alikuwa mlinzi, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, ambaye wote walimwita Afande ingawa jeshini hakufika hata getini. Sauti haikupita kwenye chuma kile, basi Afande akapiga simu, na wakazungumza kwa simu huku wanatazamana.

"Fundi, taa nyekundu hiyo vipi?"

"Nimejifungia, Afande."

"Si ujifungulie?"

"Ndicho ninachofanya. Mpigie Bosi, kadi yake inafungua bila kuuliza."

"Bosi yuko kwenye ndege. Kanipungia mkono mwenyewe alfajiri, na sanduku juu."

"Kuna kitufe chekundu cha dharura humu."

"Basi bonyeza!"

Fundi akageuka. Kitufe kilikuwepo, ukutani, nyuma ya kabati la betri lililoletwa mwezi uliopita. Wanaume wanne walilisukuma mpaka pale huku wanatukana, na mmoja wao akasema litakaa hapa kwa muda tu. Fundi akaegemeza bega akasukuma mpaka akaona nyota. Kabati halikutikisika.

"Vunja mlango, Afande."

Afande akautazama mlango juu mpaka chini. "Mimi nimeajiriwa kuulinda, Fundi. Nikiuvunja nitamkamata nani?" Kisha akaona sura ya Fundi kwenye kioo, akaacha utani. "Kuna nini?"

Kabla Fundi hajajibu, simu nyingine ikaingia. Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hupiga simu kwa sauti ya kusikika hata bila simu.

"Mdogo wangu, uko wapi? Njoo sasa hivi. Mama kavunja kioo cha dirisha. Mkono unatoka damu."

"Nyingi?"

"Inachuruzika tu, haikomi. Nimempelekea kitambaa kwenye nondo, hataki nimguse. Anasema mimi ndiye niliyemfungia."

Fundi akakumbuka. Vile vidonge. Daktari alimwambia wazi kabisa, mama yako asijikate, damu yake sasa haigandi upesi, akijikata mkandamize na umlete haraka. Na wa kumkandamiza alikuwa humu, na funguo zote mbili zilikuwa humu.

"Vunjeni kufuli, Mama Pacha."

"Kwa kitu gani? Kwa meno? Nimemtuma mtu kwa yule wa kuchomelea mageti. Kasema anakuja." Wote wawili walijua maana ya fundi wa kuchomelea kusema anakuja.

Akamweleza Afande kwa maneno machache. Afande akapiga magoti upande wa pili, Fundi naye akapiga magoti upande wake, wakajaribu kupitisha funguo chini ya mlango. Lakini mlango ulikuwa na raba nene ya kuzuia vumbi, imekaza kwenye kizingiti cha chuma. Alisukuma ufunguo mmoja kwa ncha ya rula mpaka rula ikakatika. Akatafuta tundu la nyaya ukutani. Lilikuwa limezibwa kwa saruji, kazi safi kabisa, aliisimamia mwenyewe. Kila alichogusa humo ndani alikuwa amekiziba vizuri.

Akarudi kwenye kiti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akajaribu njia nyingine: badala ya kuacha Karani aamshwe na seva, akamwendesha yeye mwenyewe kwa mkono, kwa akaunti ya mkuu, ile isiyozuiwa na chochote. Karani akawaka. Akamwambia asome upya mipangilio. Karani akasoma, akaendelea kuandika, mzima kama hakuna kilichotokea. Fundi akaruka, akatazama mlango.

Taa ikabaki nyekundu. Mlango ulimtambua Karani aliyeamshwa na seva tu, si anayeshikwa mkono na mtu. Hiyo pia ilikuwa kanuni yake.

"Mshenzi wewe," akasema, na hakuna aliyejua anamtukana nani. Akamzima. Akiendeshwa naye anaishi, akiachwa peke yake anakufa. Kwa nini? Kwa wiki kadhaa alikuwa akimzima na kumwasha, na siku zote anaamka salama. Zima, washa, imepona. Ndiyo dawa ya mafundi wote, na Fundi alikuwa ameinywa kama wengine. Hakuwahi hata mara moja katika wiki zile kumwambia asome upya, akaona kama anaweza. Akashika kichwa. Alitaka kulia na hakuwa na nafasi ya kulia.

Simu ikaita. Mama Pacha tena.

"Zungumza naye wewe. Mimi hanisikii. Naweka sauti kubwa, naisogeza dirishani."

Ikasikika mikwaruzo, kisha pumzi za mtu aliyechoka.

"Mama. Ni mimi, Kitinda."

"Kitinda yuko shule."

"Nimesharudi, mama."

"Basi njoo unifungulie. Kuna watu wamenifungia humu."

Fundi akauma mdomo. Angeweza kusema nakuja sasa hivi, kama alivyozoea kumwambia kila siku kwa mambo yasiyokuja. Ulimi ukakataa. "Siwezi, mama. Hata mimi nimefungiwa."

Akasikia mtoto wa mtu analia kwa mbali, na Mama Pacha akimnyamazisha.

"Nani kakufungia?"

"Mlango wa kazini. Umejifunga."

"Mlango haujifungi, mwanangu," mama akasema, kwa ile sauti ya zamani aliyokuwa akiitumia kukagua kazi za shule. "Aliyeufunga yupo."

"Ni mimi, mama. Nimeufunga mimi." Na machozi aliyoyazuia yakamwagika.

"Sasa unalia nini? Uliingiaje humo?"

"Niliingia vizuri tu. Kutoka ndiyo siwezi."

"Hata mimi," mama akasema, akasogea karibu na simu kama anayetoa siri. "Mimi hapa niliingia na ufunguo wangu mwenyewe. Nilikuwa nao hapa kiunoni. Nikafungua, nikaingia, nikakaa. Nilipokwisha kukaa wakanivua ufunguo, wakasema huna kazi nao, wewe si uko ndani tayari? Na kweli, ukiwa umekaa huuoni umuhimu wake. Ngoja sasa utake kutoka na kurudi."

Fundi alikuwa anamwona mama, na nyuma ya mama alikuwa anaona kitu kingine.

"Usilie," mama akaendelea. "Wewe gonga. Usiache kugonga. Mimi nakuja kukufungulia."

"Mama, kwanza chukua kitambaa cha Mama Pacha. Kibane kwenye mkono, ukaze."

"Nikikaza utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Mikwaruzo tena, kisha sauti ya Mama Pacha, safari hii ya chini: "Kakichukua. Anakaza. Fanya haraka, mdogo wangu, kitambaa kinalowa."

Fundi akaweka simu juu ya meza bila kuikata, akavuta kibodi. Karani huamka akiwa na mamlaka ya mkuu. Kwa mamlaka hayo hufungua faili la kuandikia, kisha, kwa ajili ya usalama, huyavua na kubaki mfanyakazi wa kawaida. Faili likiwa tayari limefunguliwa, hahitaji ruhusa ya mtu, anaandika siku nzima. Lakini ukimwambia asome mipangilio upya, hulifunga lile faili na kujaribu kulifungua tena, na sasa hana mamlaka yoyote. Kama faili si lake, amekwama nje ya daftari lake mwenyewe, na hapo ndipo anapoanguka.

Akauliza seva faili lile ni la nani. La mkuu.

Akakumbuka mara moja. Wiki kadhaa nyuma faili la zamani liliharibika, watu wanapiga kelele, naye kwa haraka akalifuta na kumwendesha Karani kwa mkono, kwa akaunti ya mkuu, aone kama atafanya kazi. Akafanya kazi. Faili jipya likazaliwa hapo kwa jina la mkuu, naye akazima, akawasha, akaona kapona, akaenda nyumbani kumpikia mama. Alimpa Karani kazi ya kuandika, akamnyima daftari.

Akaandika amri moja fupi ya kumkabidhi Karani faili lake. Alikosea herufi mara mbili kwa sababu ya baridi, akapuliza vidole, akaandika tena. Akamwasha. Akawaka. Akamwambia asome upya.

Karani akafunga faili, akalifungua, akaandika mstari mpya. Kisha wa pili. Juu ya mlango taa ikafikiri kidogo, ikawa kijani.

Fundi alimpita Afande kwenye korido bila salamu. Afande akapaza sauti, "Pikipiki iko getini, nimeshaiita!" na kwa hilo tumsamehe utani wake wote.

Kwenye kibaraza cha nyumba walikuwa watu wachache wamesimama na kushika viuno. Wa kuchomelea hakuwepo. Mama Pacha alikuwa bado dirishani, mkono wake mmoja umepita kwenye nondo mpaka begani, na mkononi mwake ameshika ncha ya kitambaa ambacho hakikuwa tena na rangi yake. Upande wa pili wa ncha ile hapakuwa na mtu.

"Kaniachia sasa hivi," akasema. "Kajifunga kitenge chake, kaenda mlangoni. Kasema anachelewa."

Fundi akatoa kile kipete cha waya. Ufunguo ulikuwa mpya na mgumu, ukagoma, kisha ukazunguka. Akavuta geti, akasukuma mlango, nao ukamgota mtu taratibu.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa koti la kutokea, vifungo vimepishana, na viatu vya safari, cha kulia mguu wa kushoto. Mkono mmoja ulikuwa umezungushiwa kitenge, amekibana kifuani kwa nguvu zake zote, kama alivyoambiwa, na damu ilikuwa imepunguza mwendo. Mkono wa pili ulikuwa na kijiko. Chini, mbele ya mlango, kulikuwa na uma, kitana, na kipande cha waya wa kuanikia nguo. Kwenye mbao, kuzunguka kitasa, rangi ilikuwa imechokonolewa mpaka ikaonekana mbao nyeupe.

"Kitinda!" akasema, na uso ukamng'aa. "Nilikuwa nakuja."

"Najua, mama." Fundi akaushika mkono wenye kitenge, akaukandamiza kwa mkono wake. "Twende hospitali. Pikipiki inangoja."

Mama hakusogea. Akamtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayehakikisha hajapungua. "Walikufungulia?"

"Hapana. Nilijifungulia."

Mama akakitazama kijiko chake, akautazama mlango, akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Fundi akamtoa kijiko mkononi, akainama kumgeuzia viatu, na mama akamwekea mkono wake mzima kichwani ili asianguke.